Kumi na Tatu kwa Ishirini

Mwalimu Panagis Lourantos alikuwa akisahihisha kila kitu kilichoandikwa. Insha za watoto zilikuwa kazi yake, hapo hakuna wa kumlaumu. Lakini alisahihisha pia orodha ya vyakula ya mgahawa wa pale uwanjani, na matangazo ya misiba yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme, na siku moja, kanisa limejaa, alimsahihisha padri katikati ya sala. Ugiriki nzima husema sisi watu wa Kefalonia tuna wazimu kidogo, na sisi wenyewe hatubishi sana. Ila hata hapa Fokianata, kijiji chenye watu mia moja na arobaini na wazimu wa kila namna, wa Panagis ulikuwa umepea. Kalamu nyekundu haikutoka kwenye mfuko wa shati lake. Stathoula, mkewe, alipambana na madoa yake miaka thelathini na sita, mwisho akachoka, akamnunulia mashati mekundu.

Alifundisha Kigiriki cha kale katika shule ya sekondari huko mjini Lixouri, na zaidi ya yote alifundisha ule utenzi wa mfalme aliyetoka vitani akatumia miaka kumi njiani kabla ya kufika kwake. Kwa Panagis mfalme yule alikuwa jamaa wa ukoo. Jirani zetu wa kisiwa cha Ithaki wanadai ni wao. Panagis alishawaandikia barua kumi na saba kuwathibitishia kwamba alizaliwa upande wetu, karibu na pale lilipo sasa duka la matairi.

"Waachie wenyewe," Stathoula alimwambia. "Mwanamume aliyekaa miaka kumi njiani akisingizia upepo, unamgombania wa nini?"

Ubaya ni kwamba mapenzi yake yote, yakifika darasani, yaligeuka kuwa maswali. Tafuta kitenzi. Taja sifa nne za mwenyeji mwema. Eleza kwa nini, usizidishe mistari mitano. Walipofika pale mbwa mzee anapomtambua bwana wake aliyerudi, akatikisa mkia, akafa palepale juu ya samadi, Panagis mwenyewe alishindwa kusoma. Alitoa leso, akajifuta macho, akapenga kamasi, halafu akauliza samadi ile inaashiria nini, alama mbili. Vizazi thelathini na sita vya watoto wa kisiwa hiki vilitoka mikononi mwake vikijua vitenzi vyote na kuuchukia utenzi wenyewe kama dawa ya minyoo.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aitwaye Rubini, aliyepewa jina la bibi yake mzaa baba kama ilivyo desturi yetu. Mtoto huyo alianza kupewa alama kabla meno ya mbele hayajamwota. Alipomaliza shule baba alimpeleka Athene akasomee Kigiriki cha kale, awe mwalimu kama yeye. Alikaa miaka mitatu. Mwaka wa nne aliacha, akaenda Thesaloniki kusomea utengenezaji wa filamu, na kwa kuwa hakuthubutu kumwambia baba yake uso kwa uso, wala kwa simu, alimwandikia barua. Kurasa nne, kwa mkono. Alieleza kila kitu: kwa nini ameacha, anachokiogopa, anachokitaka, na kwamba anampenda na anamwomba asimkasirikie.

Panagis aliisoma barua ile chumbani, mlango umefungwa. Kisha akafanya alichojua kufanya. Aliweka mikato iliyosahaulika. Alipigia mstari neno lililoendelezwa vibaya. Ukurasa wa tatu, pale Rubini alipoandika kwamba anampenda, aliandika pembeni: "Umeshalisema hili ukurasa wa kwanza. Epuka kurudia." Na mwisho kabisa: "Hoja zina nguvu. Mpangilio dhaifu. Kumi na tatu kwa ishirini." Akaitia kwenye bahasha, akabandika stempu, akairudisha.

Rubini hakuandika tena, na Fokianata hakukanyaga tena. Miaka tisa. Mara mbili kwa mwaka Stathoula alipanda feri na basi hadi Thesaloniki akiwa amepakata sinia la pai ya nyama, akarudi na sinia tupu. Mwanzoni Panagis alishangaa kwa dhati kabisa.

"Kumi na tatu ni alama nzuri!" aliwaambia watu mgahawani. "Mtoto wa daktari amemaliza shule hajawahi kuiona kumi na tatu kwangu!"

Miaka ilivyokwenda aliacha kusema hivyo, kisha akaacha kabisa kumtaja. Sikukuu ya jina lake yeye Panagis, ambayo kwetu huipita hata siku ya kuzaliwa, tarehe kumi na tano Agosti, watoto wa watu wanapopiga simu kutoka pembe zote za dunia, yeye alichukua jembe akaenda kupalilia mipeasi ambayo haikuhitaji kupaliliwa. Sisi tulimwona tukanyamaza. Kulikuwa na haja gani ya kumchoma mtu aliyejichoma mwenyewe?

Alistaafu mwezi wa Juni. Masika iliyofuata, simu ikaita, na aliyekuwa upande wa pili ni prodyuza wa Athene, Alkis Vranas, mtu mwenye sauti ya kuuza majokofu. Kampuni yake inatengeneza filamu ya vijana, alisema. Ule utenzi wa mfalme, lakini wa siku hizi, na shule, na simu, na mapenzi. Wataipiga papa hapa Fokianata. Wanahitaji jina la mtaalamu mwishoni, ili watu wazima waone kwamba mambo ya kale yameheshimiwa. Mwandishi na mwongozaji ni Rubini.

"Bila shaka mnafahamiana," alisema Alkis.

"Kidogo," alijibu Panagis.

Mswada ulifika kesho yake. Rubini naye alifika, na watu arobaini na malori matatu, akashukia hotelini Lixouri. Mama yake alikwenda kumwona hukohuko, akarudi na uso usiochezeka.

"Sikia, Panagis. Mtoto yuko kilomita tisa kutoka hapa na analala kwenye kitanda cha kukodi. Mimi namtaka mezani pangu. Ukiugusa huo mswada na kalamu yako, haingii nyumba hii mpaka tufe mimi na wewe, na utatangulia wewe, hilo nitalishughulikia mwenyewe."

"Kwani mimi nimesema neno?"

"Hujasema. Lete kalamu."

Akampa.

"Na ile ya kwenye soksi."

Akampa na hiyo. Basi Panagis akakaa jikoni mchana kweupe, mikono mitupu, akafungua ukurasa wa kwanza na kuanza kuteseka.

Mfalme alikuwa msichana wa miaka kumi na saba aitwaye Melpo, kapteni wa timu ya mpira wa wavu. Vita ilikuwa mashindano ya wikendi huko Patra. Miaka kumi ya kurudi ilikuwa siku kumi. Jitu lenye jicho moja lilikuwa mlinzi wa maegesho anayetazama kila kitu kupitia kamera moja, na wasichana waliipofua kwa chingamu. Mchawi aliyegeuza mabaharia kuwa nguruwe alikuwa mama wa kibanda cha mishikaki, aliyewaambia timu nzima wale bure mpaka washibe, wakashindwa kuinuka. Waimbaji wanaowapoteza mabaharia walikuwa dada watatu wanaojipaka wanja kwenye video za simu, na hakuna aliyeweza kuacha kuwatazama; ilibidi kapteni afungwe kwenye kiti cha basi kwa mikanda. Na ule mfuko wa upepo, ambao wenzake mfalme waliufungua kwa ujinga wao wakati pwani ya nyumbani inaonekana? Chaja ya mkononi. Kapteni alisinzia, wenzake wakaimaliza chaji yote kwa kutazama video, feri ya mwisho ikawaacha.

Panagis alicheka hapo, bila kukusudia, akageuza kicheko kikohozi.

Lakini alipofika kwa mbwa, alisukuma kiti nyuma. Mbwa hafi. Mbwa anacheza dansi mtandaoni. Pembeni pameandikwa kwa mkono wa Alkis: "Vijana hawataki mbwa afe. Tumefanya utafiti."

"Stathoula! Wamempa mbwa wafuasi laki mbili!"

"Wewe umefundisha miaka thelathini na sita," alijibu Stathoula bila kugeuka kutoka kwenye jiko, "unao wangapi?"

Panagis akaendelea. Hadi ukurasa wa mia alikuwa amehesabu makosa arobaini na moja, yote yamekaa kichwani yakimwasha kama upupu, na hana pa kuyaandika. Halafu akafika ukurasa wa mia na nne.

Wenye kuujua utenzi ule wanajua kwamba karibu na mwisho, kila kitu kikishatulia, mfalme anakwenda shambani kwa baba yake mzee, aliyevaa matambara anapalilia miti. Mzee haamini kwamba huyu ni mwanawe. Ndipo mwana anamtajia miti ambayo baba alimgawia akiwa mtoto, mipeasi mingapi, mitini mingapi, na mzee magoti yanamlegea. Watu wengi hupaita pale nyongeza. Panagis mwenyewe alikuwa akipapitia harakaharaka kwa sababu Juni ilikuwa imefika na mitihani iko mlangoni. Rubini alikuwa amefuta vita, miungu, na kifo cha mbwa, lakini mzee wa shambani alikuwa amemwacha.

Kwenye mswada msichana anasimama mbele ya baba yake na kusema: "Ni mimi. Nitakutajia ulivyonipa. Nikiwa na miaka saba ulinipa kumi na moja, kwa insha ya mbuzi. Nikiwa na miaka tisa ulinipa kumi na mbili, kwa kadi ya sikukuu ya jina lako. Nikiwa na miaka kumi na sita ulinipa kumi na nne, nikalala na karatasi chini ya mto. Na mara ya mwisho ulinipa kumi na tatu, kwa barua."

"Ya mbuzi ilikuwa kumi na mbili," alisema Panagis kwa sauti.

Alisoma tena mistari ile, akavua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa. Masikio yalimwaka moto kwa aibu. Mtoto alikuwa amekariri zote. Miaka yote ile alidhani anamnoa, kumbe alikuwa anamtoza.

Chini ya maneno yale palikuwa na neno moja, BABA, na nukta mbili zake, na baada ya hapo karatasi tupu. Aligeuza ukurasa: msichana anaondoka shambani. Akarudi nyuma. Tupu. Na kwa kuwa Panagis ni Panagis, akaamua kwamba hilo ni kosa la uchapaji, na kwamba angalau hili moja, la wazi, lisilo na ubishi, ana haki ya kwenda kuliripoti.

Siku iliyofuata walikuwa wanapiga picha kwenye shamba la mipeasi la binamu yake, chini ya kijiji. Nusu ya Fokianata ilikuwa imekaa juu ya ukuta wa mawe, na nusu nyingine imekuja na viti vya plastiki kutoka nyumbani. Stathoula alikuwa ukutani, mkoba mapajani. Katikati ya miti, mwigizaji mkongwe wa Athene, Bwana Iordanis, aliyecheza baba, alikuwa amemkumbatia msichana huku analia kwa kwikwi.

"Huyo analia kama Mwathene," alisema mtu ukutani. "Kilio kimepigwa pasi."

"Bwana Iordanis, samahani," ilikuwa sauti ya Rubini. "Usilie."

"Sasa nifanye nini, binti yangu? Umenipa neno?"

Hapo Rubini akageuka, akamwona baba yake amesimama na mswada kwapani. Alikuwa na miaka thelathini sasa, na paji lilelile la uso, la Walourantos, lisilokubali kushindwa.

"Habari, baba."

"Nzuri."

Macho ya binti yalikwenda kwenye karatasi. Panagis alizifungua, na Rubini akazitazama zinavyopita, ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta wino. Hakukuwa na wino popote.

"Una maoni?" aliuliza, mabega ameyakaza kama mtu anayesubiri sindano.

Yale makosa arobaini na moja yalimjaa Panagis kooni. Alimtazama Stathoula ukutani. Stathoula alimwinulia nyusi tu, jambo ambalo kwetu ni neno la hapana, na lenyewe linatosha.

"Ukurasa wa mia na nne," alisema. "Pamerukwa. Baba hana jibu. Mpiga chapa amesahau."

"Hakuna aliyesahau, baba. Sijui anajibu nini."

"Hujui vipi? Wewe si ndiye mwandishi?"

"Nimejaribu. Nikiandika anaomba radhi, najua ni uongo. Nikiandika anafoka, huo nao ni uongo. Sijawahi kumsikia akijibu. Nimeacha wazi."

Bwana Iordanis alichukua nafasi hiyo kukaa kwenye ndoo. Alkis akasogea, miwani ya jua usoni, kahawa mkononi.

"Mwalimu, Mungu amekuleta. Huko kwenye utenzi wenyewe mzee anasemaje? Tuchukue hilohilo, tumalize, jua linaondoka."

Panagis alikohoa, akanyoosha kidole, na sauti ya darasani ikamtoka yenyewe.

"Katika matini ya asili, mzee anaishiwa nguvu za magoti, tazama sifa za utambuzi, ambazo ni tatu. Ya kwanza..."

Ukutani watu wakashusha pumzi kwa pamoja, maana nusu yao walikuwa wanafunzi wake. Stathoula alifumba macho. Panagis akaisikia sauti yake. Hakika aliisikia, pengine kwa mara ya kwanza, jinsi sauti ile inavyosikika kwa aliyekaa upande wa pili wa meza. Rubini alikuwa amesimama palepale, ameinamisha kichwa kidogo, anangoja ya pili na ya tatu.

Panagis akaiacha sentensi hapo ilipofika.

"Anasema," alianza upya, taratibu, "anasema aliisoma ile barua mara tatu. Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili aliingiwa na hofu kwamba mtoto hatarudi. Mara ya tatu alitafuta neno la kumwambia, akalikosa. Basi akatafuta makosa. Makosa alijua kuyapata." Akakunja mswada, akaukunjua. "Sikujua kukujibu, Rubini. Nilikuwa sijui. Hilo ndilo jibu."

Binamu mwenye shamba, ambaye hajawahi kunyamaza tangu abatizwe, alinyamaza.

"Haya sasa," mtu alinong'ona ukutani, "huyo ndiye mwigizaji."

"Nzuri sana!" alisema Alkis. "Inagusa! Ila ni ndefu, Mwalimu. Kijana atakuwa keshafungua simu. Hatuwezi kupata maneno matatu?"

"Alkis," alisema Rubini bila kugeuka, "nenda kanywe kahawa."

"Ninayo hii hapa."

"Basi nenda kanywe nyingine."

Bwana Iordanis aliinuka kwenye ndoo yake, akavua kofia. "Mniandikie," alisema kwa heshima. "Nitayasema vizuri."

"Hapana," alisema Rubini, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Hayo si yako, Bwana Iordanis. Wewe utachezesha midomo tu. Nitapitisha trekta, yasisikike."

Ndivyo walivyofanya, na ndivyo ilivyo kwenye filamu hadi leo: mzee anafungua mdomo, trekta inapita, binti anasikia na sisi hatusikii. Mhakiki mmoja wa Athene aliandika ukurasa mzima kwamba trekta ile ni kilimo cha Ulaya kinachoinyamazisha historia. Sisi tuliokuwa ukutani tulisoma, tukampongeza kwa bidii.

Walipomaliza, Rubini alivua kofia yake, akamkabidhi msaidizi makaratasi, akaenda moja kwa moja kwenye pikapu ya baba yake na kukaa kiti cha mbele. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemzuia. Panagis aliendesha kwa gia ya pili njia nzima ya kupanda kijijini, kwa kuogopa kwamba akifika haraka atakuwa amekosea jambo.

Stathoula, ambaye alikuwa ukutani dakika kumi zilizopita, alikuwa ameshakata njia ya mkato kati ya mizeituni, na sasa alisimama mlangoni, aproni imefungwa, kama mtu ambaye hakutoka nyumbani siku nzima. Alikuwa anahema.

"Umekonda," alimwambia Rubini.

"Mama, tumeonana jana."

"Jana pia ulikuwa umekonda."

Rubini alisimama chini ya ngazi. Ngazi tatu tu, za saruji, mama yake huzipaka chokaa kila Pasaka. Alizitazama. Alishika ukuta kwa mkono mmoja kama mtu anayeshuka feri bahari ikiwa imechafuka, akapanda ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaingia ndani.

Panagis hakumfuata. Alibaki nje, akaufunga mlango wa pikapu uliokuwa umeshafungwa, akaufungua, akaufunga tena, akazunguka kuangalia tairi lisilo na kasoro, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka mtu yeyote amwone, na Fokianata nzima, iliyokuwa imepanda mlima mbio na viti vyake vya plastiki kichwani, ilisimama barabarani ikimwona.